Siku ngapi zimebaki hadi otamu? Simu nne, majibu manne: 2, 23, 24 na 202

#1 Hesabu_Kali (Jumapili, 30 Agosti 2026, saa 4:00 usiku)

Wakuu, salaam.

Kwenye grupu moja la ndugu waliotawanyika duniani pamezuka ubishi. Kila mmoja amefungua programu ya kuhesabu siku mpaka otamu ianze, yale majira ya kupukutika majani, na majibu ya leo ndiyo haya:

Hamburg: siku 2.
Minneapolis: siku 23.
London: siku 24.
Dar es Salaam: siku 202.

Jua ni moja, dunia ni moja. Programu ipi inadanganya? Na hiyo 202 imetoka wapi?

#2 Fundi_Jedwali

Hakuna inayodanganya. Kila moja inahesabu kuelekea kitu tofauti.

Hamburg inahesabu mpaka 1 Septemba. Hiyo ni otamu ya watu wa hali ya hewa. Wao hugawa mwaka kwa miezi mitatu mitatu, Septemba mpaka Novemba ni siku 91 kamili, takwimu zao za mwezi zinakaa sawa, basi. Jua halihusiki hapo.

London na Minneapolis zinahesabu kitu kimoja, yaani ikwinoksi: dakika ambayo kitovu cha jua kinavuka mstari wa ikweta kwenda kusini. Mwaka huu ni 23 Septemba saa 00:05 kwa saa ya dunia, UTC. Ibadilishe:

Minneapolis: Jumanne 22 Septemba, saa 1:05 jioni.
London: Jumatano 23, saa 7:05 usiku.
Hamburg: Jumatano 23, saa 8:05 usiku.
Dar, Nairobi, Kampala: Jumatano 23, saa 9:05 usiku.
Muscat: Jumatano 23, saa 10:05 alfajiri.

Dakika ni ileile, ila Marekani bado wako kwenye tarehe 22. Ndiyo maana 23 na 24.

#3 Kipupwe

Na 202?

#4 Fundi_Jedwali

Dar iko kusini mwa ikweta, latitudo 6.8. Programu imeona latitudo yenye alama ya kutoa, ikahitimisha kwamba huko Septemba ni majira ya kuchipua na otamu inaanza Machi. Ikwinoksi ya Machi 2027 ni tarehe 20. Kutoka leo mpaka hapo hesabu mwenyewe: siku 202.

#5 Mkaa_Pwani

Yaani Dar ina otamu mwezi wa tatu 😂 Majani ya mwembe yatapukutika kwa amri ya simu.

#6 Msomi_wa_Mezani

Wakuu mnazunguka. Ikwinoksi maana yake usiku na mchana ni sawa, saa 12 kwa 12. Hata shule ya msingi tulifundishwa. Mleta mada awaambie ndugu zake waangalie siku ambayo jua linachomoza na kuzama kwa saa 12 kamili, hapo ndipo otamu inapoanza. Ubishi umekwisha.

#7 Nyuzi_Sifuri

#6 ubishi ndiyo kwanza umeuanzisha. Siku ya ikwinoksi mchana haulingani na usiku mahali popote ambapo watu wanaishi. Mchana unazidi.

Sababu ni mbili, na zote zinapimika:

Kwanza, kuchomoza hakuhesabiwi kitovu cha jua kinapofika upeo wa macho, kunahesabiwa ukingo wake wa juu unapotokeza. Nusu ya kipenyo cha jua ni dakika 16 za nyuzi (nyuzi moja ina dakika 60).

Pili, hewa inapinda mwanga. Jua likiwa bado chini ya upeo unaliona limeshatokeza. Kadirio linalotumika kwenye majedwali ni dakika 34 za nyuzi.

Jumla 50. Asubuhi 50, jioni 50, ni 100. Dunia inazunguka dakika 15 za nyuzi kwa kila dakika ya saa. Gawanya: dakika 6 na sekunde 40. Huo ndio mchana wa ziada pale ikweta. Ukienda mbali na ikweta jua linazama kwa mshazari, muda unarefuka: gawanya hiyo 6.67 kwa kosaini ya latitudo. London, latitudo 51.5, unapata karibu dakika 11. Minneapolis, latitudo 45, dakika 9 na ushee.

Kwa hiyo London wanapata saa 12 kwa 12 kama siku tatu baadaye, tarehe 25 au 26.

#8 Msomi_wa_Mezani

Sawa, Ulaya nimekubali. Ila kwetu ikweta ni sawa mwaka mzima, hilo hulipingi.

#9 Nyuzi_Sifuri

Nalipinga zaidi 😀

Ikweta mchana ni kama saa 12 na dakika 7 mwaka mzima. Hakuna hata siku moja ambayo usiku unaufikia. Kanuni: ili mchana uwe saa 12 kamili, jua linatakiwa liwe upande wa pili wa ikweta kwa karibu nyuzi 0.833 (zile dakika 50) gawa kwa saini ya latitudo yako. Jua halivuki nyuzi 23.44. Ukigeuza hesabu unapata latitudo 2 na ushee kidogo. Aliye ndani ya hapo, kaskazini au kusini, hapati siku ya 12 kwa 12 maisha yake yote.

Waliomo: Kampala, Kisumu, Nanyuki, Nairobi (1.29 kusini), Bukoba, na Kigali kwa kuponea chupuchupu (1.95).

Mwanza imetoka nje kidogo, 2.52 kusini. Pale inabidi jua liwe nyuzi 19 kaskazini, yaani katikati ya Mei hivi, halafu tena mwisho wa Julai. Dar, 6.8 kusini: inataka jua nyuzi 7 kaskazini, ambazo ni kama 8 Aprili na 4 au 5 Septemba. Maana yake kwa kipimo cha #6 Dar itaipata "ikwinoksi" yake wiki ijayo, wiki mbili na nusu kabla ya ile halisi.

#10 Kipupwe

Hii ya Nairobi kutopata usiku sawa na mchana sikuitarajia kabisa. Asante mkuu.

#11 Dira_ya_Zamani

Ziada moja kwenye #2. Mtakutana na majedwali yanayoandika 00:06 badala ya 00:05. Si kosa la chapa. Wanafalaki wana saa yao isiyofuata mzunguko wa dunia, inaitwa TT, na iko mbele ya UTC kwa sekunde 69. Ukitaka kuhesabu kurudi nyuma kwa saa ya ukutani, tumia 00:05.

Na msishangae mwakani ikisogea. Mwaka wa jua ni siku 365 na kama saa 5 na dakika 49, hivyo ikwinoksi inachelewa karibu saa 6 kila mwaka mpaka mwaka mrefu uirudishe nyuma. Kwa UTC: 2025 ilikuwa 22 Septemba saa 18:19. Mwaka huu 23 saa 00:05. 2027 ni 23 saa 06:02. 2028 ni mwaka mrefu, inaruka nyuma mpaka 22 saa 11:45.

#12 Kodi_Safi

Kwa wanaotaka kutengeneza ya kwao badala ya kutegemea programu za watu, huku ndiko zinakokosea.

Kosa la kwanza ni kuandika tarehe bila saa. Kwenye JavaScript ukiweka `new Date("2026-09-23")` inaichukua kama saa sita usiku ya UTC. Simu iliyoko Minnesota itaonyesha tarehe 22 saa 1 jioni. Mwaka huu bahati imewaangukia kwa sababu ikwinoksi yenyewe iko dakika tano tu baadaye, mwakani itawaumbua. Andika `new Date("2026-09-23T00:05:00Z")`, hiyo Z ya mwisho usiisahau.

Kosa la pili ni kukata desimali. Mleta mada aliandika saa 4 usiku. Kutoka hapo mpaka saa 9:05 usiku wa tarehe 23 kwa saa ya Dar ni siku 23, saa 5 na dakika 5. Programu inayokata inasema 23, inayopandisha inasema 24, inayotoa tarehe kwa tarehe inasema 24. Hata watu wawili walioko Dar wanaweza kutofautiana.

Kosa la tatu, kujumlisha siku ya leo. "Zimebaki siku 24 pamoja na leo" na "zimebaki siku 24" ni vitu viwili. Hapo sheria ya lugha haipo, kila mtu na yake.

Kwenye Excel au Google Sheets, saa ya Afrika Mashariki, seli A1:

`=DATE(2026,9,23)+TIME(3,5,0)-NOW()`

Halafu A2: `=INT(A1)&" siku "&TEXT(A1,"h")&" saa"`

Ukitaka jumla ya saa tupu, ipe A1 muundo wa `[h]:mm`, mabano ya mraba yawepo, la sivyo itakuishia saa 23 na kuanza upya.

#13 Majani_Mekundu

#12 fomula yako kwangu Ujerumani inatoa kosa.

#14 Kodi_Safi

Kompyuta yenye mpangilio wa Kijerumani inatumia koma kama nukta ya desimali, kwa hiyo weka nukta-mkato badala ya koma: `=DATE(2026;9;23)`. Excel ya Kijerumani inataka hata jina la DATE liwe DATUM, TIME iwe ZEIT, na NOW iwe JETZT. Na kwako saa ni 2:05, si 3:05. Kama ni Google Sheets hakikisha majira ya saa ya faili yenyewe kwenye mipangilio, kwa sababu faili inafuata majira iliyozaliwa nayo, haifuati simu yako. Hapohapo kwenye mipangilio badili ukokotoaji uwe kila dakika, vinginevyo NOW inaganda mpaka uguse seli.

#15 Majani_Mekundu

Imekubali. Shukrani.

#16 BintiDemani

Naona mmeruka jambo la kwanza kabisa. Mleta mada kaandika "otamu". Kwa nini asiandike vuli? Kamusi na vitabu vya tafsiri vimejaa "majira ya vuli" kwa hayo majira ya Ulaya.

#17 Mkulima_wa_Same

Kwa sababu vuli ni mvua, dada. Vuli ni Oktoba mpaka Desemba, mtu anapanda mahindi ya muda mfupi na maharage. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa mwelekeo wa vuli haizungumzii majani kudondoka hata kidogo. Ukimwambia mkulima wa Kilimanjaro au Tanga kwamba vuli ni wakati miti inakauka atakuona umechanganyikiwa. Vuli ndiyo inayochipusha.

#18 Mfasiri_Huru

Mfasiri afanyeje sasa? Miezi inagongana vizuri: Septemba, Oktoba, Novemba huko, na Oktoba, Novemba, Desemba huku. Ndiyo ilivyoanza. "Majira ya kupukutika majani" ni maneno manne kila inapotajwa, kwenye kitabu cha kurasa 300 inachosha. Kiangazi kimechukua nafasi ya majira yao ya joto na kipupwe ya baridi, ingawa kipupwe cha pwani hakina theluji hata kidogo na kiangazi chetu si Julai. Hayo mnayameza, hili la vuli ndilo linawakwama?

#19 BintiDemani

Mimi upande wangu ningesema demani. Septemba pwani upepo wa kusi umeanza kulegea, bahari inatulia, kaskazi bado haijaingia. Ni majira ya katikati, yanayoaga. Kwa sura yake yanafanana zaidi na hayo ya Ulaya kuliko mvua ya vuli.

#20 Mkulima_wa_Same

Demani hawaijui Dodoma.

#21 BintiDemani

Na vuli hawaijui Songea. Kule mvua ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili. Tutafika wapi kwa njia hiyo?

#22 Fundi_Jedwali

Neno la ikwinoksi lenyewe nalo lina mgogoro, wengine wanaandika sikusare. Ila tusihamie huko, tutalala hapa.

#23 Kivuli_Mita

Kwa walio Afrika Mashariki wanaotaka kuiona ikwinoksi kwa macho badala ya simu, tumia kivuli. Gharama ni sifuri.

Vifaa: mti mnyoofu wa sentimita 100 kutoka usawa wa ardhi mpaka ncha, timazi, pima maji, futi kamba, chaki. Sakafu ya saruji iliyo sawa, si udongo.

Simamisha mti, uhakikishe kwa timazi pande mbili, si upande mmoja. Pima na sakafu kwa pima maji. Anza nusu saa kabla ya jua la mchana, weka alama kwenye ncha ya kivuli kila dakika 5, endelea nusu saa baadaye. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho cha adhuhuri ya kweli, na hicho ndicho unachopima.

Usitegemee saa sita ya ukutani. Saa ya Afrika Mashariki imejengwa kwenye longitudo 45, na sisi sote tuko magharibi yake. Kila nyuzi moja ni dakika 4 za kuchelewa. Karibu na ikwinoksi ya Septemba jua linawahi kwa dakika 7 hivi, unazitoa. Dar: saa 6:15 mchana. Mombasa: 6:14. Nanyuki: 6:24. Machi ni kinyume, jua linachelewa kwa dakika 7 na nusu, Nanyuki inakuwa kama 6:39.

Urefu wa kivuli siku ya ikwinoksi ni 100 mara tanjenti ya latitudo:

Mombasa sm 7.1. Unguja mjini sm 10.8. Dar kama sm 12. Muscat sm 43 hadi 44. Minneapolis sm 100, kivuli sawa na mti. London sm 126.

Dar, Unguja na Mombasa kivuli kinaelekea kusini, kwa sababu jua liko kaskazini yenu. Muscat na wenzake kinaelekea kaskazini.

#24 Ngalawa_Mbili

Mwanya wa kosa ni kiasi gani? Maana sentimita 12 si nyingi.

#25 Kivuli_Mita

Swali zuri. Siku hizi jua linahama nyuzi 0.39 kwa siku, ambayo kwa mti wa mita moja Dar ni milimita 7. Mti ukiinama nyuzi moja tu kuelekea kaskazini au kusini umeharibu sentimita 1.75, yaani umekosea siku mbili na nusu. Ndiyo maana nasisitiza timazi.

Tatizo la pili ni ncha ya kivuli kuwa na ukungu. Jua si nukta, lina upana wa nusu nyuzi, hivyo ncha inafifia kwa karibu sentimita moja. Dawa: juu ya mti funga kipande cha bati chenye tundu la milimita 5. Badala ya ncha utaona kijiduara cha mwanga chini, unaweka alama katikati yake.

Halafu elewa kwamba mwaka huu huwezi kuipata yenyewe, kwa sababu inatokea usiku kwenu. Adhuhuri ya tarehe 22 Dar itakuwa sm 12.4. Adhuhuri ya 23 itakuwa sm 11.7. Ile 12 inapita katikati, watu wamelala.

#26 Kipupwe

Kwa hiyo dakika hiyo jua la utosini liko wapi?

#27 Kivuli_Mita

Katikati ya Pasifiki, juu ya ikweta, longitudo kama 177 Mashariki, pande za visiwa vya Gilbert vya Kiribati.

#28 Mkaa_Pwani

Na wale wa Nanyuki wanaopiga picha "sina kivuli" tarehe 23?

#29 Nyuzi_Sifuri

Waendelee kupiga. Tarehe 23 saa 6:24 mchana jua liko nyuzi 0.15 kusini mwa ikweta, mti wa mita moja unatoa kivuli cha milimita 2 au 3. Jicho haliwezi kukiona.

Ila "kutokuwa na kivuli" si mali ya ikwinoksi wala ya ikweta. Kila mji ulio kati ya Tropiki mbili (nyuzi 23.44 kaskazini na kusini) una siku zake mbili kwa mwaka. Mwaka huu: Nairobi kama 26 Septemba, Mombasa 3 Oktoba, Unguja 8 au 9 Oktoba, Dar 10 Oktoba. Jua likirudi kaskazini mnalipata tena Machi, Mombasa kama tarehe 10, Dar tarehe 3 au 4. Muscat wamekosa kidogo tu: wako 23.6, jua linakomea 23.44.

#30 Mkaa_Pwani

Na maji ya beseni yanayozunguka kulia upande huu na kushoto upande ule, pale kwenye bango la ikweta?

#31 Nyuzi_Sifuri

Mkono wa anayemimina. Nguvu ya mzunguko wa dunia ipo, inageuza vimbunga vya mamia ya kilomita, kwenye beseni la sentimita 30 haina ubavu. Hatua kumi kutoka kwenye mstari ndiyo kabisa, karibu sifuri. Angalia anavyogeuka mwili kabla ya kuachia tundu. Na yai kusimama siku ya ikwinoksi, linasimama hata Jumatatu ya kawaida ukiwa na subira na ganda lenye vijinundu.

#32 Zawali

Hii #23 wazee wa nyakati za swala wameitumia miaka nenda rudi bila kuiita fizikia. Kivuli kifupi cha adhuhuri unakihifadhi, halafu kwa Mashafi alasiri inaingia kivuli kikifika urefu wa kitu ukijumlisha kile kivuli cha adhuhuri. Kwa mti wa #23 Dar siku hizo: 100 na 12, yaani sm 112. Anayesahau kujumlisha hiyo 12 anawahi.

#33 Majani_Mekundu

Turudi kwenye majani. Hakuna aliyesema kwa nini yanadondoka. Ni ikwinoksi au ni baridi?

#34 Bustani_Kaskazini

Ni usiku. Mti unapima urefu wa giza. Usiku ukizidi kiwango fulani, umbijani, ile rangi ya kijani, unaacha kutengenezwa, rangi ya njano iliyokuwemo siku zote inajitokeza, na kwenye kikonyo cha jani linajengwa tabaka la kulikata. Ushahidi unauona mtaani: mti ulio chini ya taa ya barabarani unachelewa kupukutisha upande ule wa taa.

#35 Theluji_ya_Mapema

#34 nusu tu. Kama ni usiku peke yake rangi ingekuja tarehe ileile kila mwaka, na haiji. Joto linasukuma na kuvuta. Rangi nyekundu ya mti wa mepo (maple) haikuwemo kabla, inatengenezwa palepale kwa sukari iliyokwama kwenye jani, na inataka mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha. Barafu ikipiga mapema unapata kahawia moja kwa moja, hakuna nyekundu.

#36 Bustani_Kaskazini

Joto linaamua uzuri wake na kasi yake. Kengele ya kuanza ni giza.

#37 Mkulima_wa_Same

Na ukame je? Mibuyu ya kwetu inapukutisha kiangazi, usiku haujabadilika hata nusu saa.

#38 Theluji_ya_Mapema

Ukame unafanya hivyo hata huku, mti wenye kiu unaacha majani Agosti. Na kuna mialoni inayoshikilia majani makavu mpaka mwishoni mwa baridi. Kwa hiyo mwenye kuhesabu otamu kwa majani atahesabu mti kwa mti. Minnesota rangi inaanzia kaskazini ya jimbo kati na mwishoni mwa Septemba, Minneapolis yenyewe inafika Oktoba.

#39 Dira_ya_Zamani

Kwa wanaoona siku zinakimbia ikishaanza: kweli ni fupi. Otamu ya jua mwaka huu ni kuanzia 23 Septemba saa 00:05 mpaka 21 Desemba saa 20:50, siku 89 na saa karibu 21. Kiangazi chao ni siku 93 na saa karibu 16. Dunia iko karibu na jua mwanzoni mwa Januari na huko inakwenda mbio zaidi.

Na saa za ukutani hazibadilishwi siku hiyo, wengi wanachanganya. Ulaya zinarudi nyuma Jumapili 25 Oktoba, Marekani Jumapili 1 Novemba. Kuanzia hapo mpaka masika yao, ongezeni saa moja kwenye tofauti zenu na Dar.

#40 Ngalawa_Mbili

Ninyi mnahangaika na programu, pwani ilikuwa na hesabu yake: unaanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jua, unahesabu kwa miongo, kila mwongo siku 10. Miongo 36 na siku 5 za ziada, mwaka umetimia. Nahodha alijua siku ya ngapi ya Nairuzi kusi inafunga bandari na siku ya ngapi kaskazi inaanza. Hakuna mwezi mwandamo hapo, ni jua tupu.

#41 BintiDemani

Na Nairuzi yenyewe asili yake ni ikwinoksi, ile ya Machi ya Waajemi. Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi kule Unguja, ndiyo hiyohiyo.

#42 Msomi_wa_Mezani

Mwaka Kogwa ni Julai. Ikwinoksi ya Julai naisikia leo.

#43 BintiDemani

Kwa sababu ni siku 365 bila mwaka mrefu. Kila miaka minne inateleza siku moja nyuma. Iache karne nyingi, inatoka Machi na kufika Julai kwa kuzunguka nyuma.

#44 Dira_ya_Zamani

Kuteleza ndiyo, ila si kutoka Machi. Hesabu ya Yazdegerd, mfalme wa mwisho wa Wasasani wa Uajemi, ilianza 16 Juni 632, wakati huo mwaka mpya wao ulikuwa umeshaiacha ikwinoksi zamani. Chukua hapo miaka 1,394, hesabu siku 365 tupu kila mwaka, unaangukia katikati ya Julai. Waparsi (Wazoroasta wa India) wanaofuata kalenda ya Kadmi mpaka leo mwaka wao mpya uko hapohapo. Mimi naona pwani ilipokea hesabu hii, si ile ya Machi.

#45 Ngalawa_Mbili

Au mabaharia waliiweka Julai makusudi, bahari imefungwa na kusi, watu wako nyumbani, kuna nafasi ya sherehe.

#46 Dira_ya_Zamani

Ingekuwa makusudi isingeteleza.

#47 Zawali

Turudi kwa mleta mada, nina jambo. Kwa Waswahili siku inaanza magharibi, si saa sita usiku. Kwa hiyo saa 9:05 usiku Dar, saa 7:05 London, zote ni usiku wa Jumatano. Minneapolis je? Ikiwa jua limeshazama, nao wako Jumatano, na tofauti ya 23 na 24 inafutika.

#48 Fundi_Jedwali

Nimeikokotoa. Minneapolis siku hiyo adhuhuri ya kweli ni saa 7:06 mchana, ongeza saa 6 na dakika 4 hadi 5. Jua linazama saa 1:10 au 1:11 jioni. Ikwinoksi ni saa 1:05.

#49 Zawali

Dakika tano! Bado Jumanne.

#50 Mkaa_Pwani

Aingie kwenye bonde lenye kilima magharibi, litazama mapema 😂

#51 Hesabu_Kali

Nimesoma yote, asanteni. Nimewapelekea #2 na #4, wamegawanyika zaidi: wa Hamburg kasema ameshashinda kwa sababu yake inaanza keshokutwa.

Swali la mwisho. Ile programu ya 202 inaangalia latitudo. Mtu akiwa Nanyuki kwenye lile bango la ikweta, mguu mmoja huku mmoja kule, itamwambia nini?

#52 Kodi_Safi

Inategemea mwandishi wake. Wengi wanaandika "ikiwa latitudo ni chini ya sifuri, kusini, vinginevyo, kaskazini". GPS ya simu inayumba mita tano mpaka kumi. Asimame hapo dakika mbili atapata 24, 202, 24, 202. Ikisomeka sifuri kamili ataangukia kaskazini.

#53 Mkulima_wa_Same

Na vuli?

#54 Kodi_Safi

Vuli haimo kwenye programu hiyo, mkuu.